Dereva Hakai Nyuma

Baba tulimzika Ijumaa baada ya sala, na Jumapili watani wakaja wakatengeneza treni uani kwetu. Nikisimulia hivi mbele ya watu wa mbali huniuliza kama hatukuona haya, msiba wa siku tatu na watu wanacheza. Hatukuona. Kwetu mtani asipokuja kucheza msibani ndipo watu huulizana marehemu alimkosea nini.

Lakini kwanza nieleze treni ilitoka wapi, maana Kibiti hakuna reli. Kuna barabara, kuna vumbi, na siku za masika kuna matope yanayolaza malori. Kusini kuna mto Rufiji na pantoni ya Ndundu ya kuvushia watu na magari. Mashariki kuna delta na mitumbwi yake. Reli haipo. Watu wengi wa kwetu, wakati huo ninaousema, walikuwa wameiona treni kwenye kalenda tu, na ile ya kwenye kalenda ilikuwa inapita katikati ya theluji.

Baba ndiye aliyetuletea treni. Aliondoka Kibiti kijana kwa kukimbia jembe, ndivyo alivyosema mwenyewe, akaenda Tabora akaajiriwa relini. Alianza kwa kufagia karakana, kisha akapanda kuwa mchochea moto wa treni ya abiria, kazi ambayo wenyewe waliiita ufayamani. Akaifanya mpaka injini za moshi zilipokwisha. Za dizeli hakuzitaka, au zenyewe hazikumtaka. Hapo alisema hivi leo na vile kesho, kwa hiyo siwezi kuapa. Alirudi nyumbani na mama, na mimi, na koti la kaki lenye vifungo vya chuma, na habari za injini ambazo hazikuisha mpaka alipokufa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakaanza kujaa sabuni za rangi, redio za kaseti, vitenge vya kila namna, na mitumba iliyomwagwa juu ya turubai kando ya barabara kama mavuno. Kila mtu alikuwa amepata wazimu kidogo. Jirani yetu alinunua miavuli miwili kwa sababu tu ilikuwapo. Baba alikuwa akikaa kwenye benchi la muuza chai, anaangalia vitu vyote vile vipya vinavyopita, kisha anasema, "Vizuri. Lakini hiki hakiwezi kuvuta mabehewa kupanda mlima." Hapo watu wanavuta kikombe karibu, maana wanajua kinachofuata.

Kilichofuata kilikuwa daima kile kile, na mimi nimekisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Injini zake zilikuwa za aina moja tu. Aina nyingine alizitaja kwa upole, kama mtu anavyotaja watoto wa jirani. Za kwake, alisema, ziliagizwa baada ya vita kuu ya pili, wakati reli za Tanganyika, Kenya na Uganda zilipokuwa chini ya shirika moja. Ziliundwa Uskochi, katika mji wa viwanda ambao jina lake baba alilitamka kama anayetafuna mfupa. Mafundi wa huko waliambiwa kwamba reli zetu ni nyembamba na nyepesi, kwa hiyo watengeneze kitu chenye nguvu lakini kisichovunja njia. Wakaugawa uzito juu ya magurudumu mengi: jozi moja ndogo mbele ya kunusa njia, jozi nne kubwa za kuvuta, na jozi mbili nyuma za kubeba tanuri la moto. Nyuma yake wakafunga tangi la maji na mafuta, refu kuliko la ndugu zake wa upande wa Kenya, kwa sababu Ugogo ni kukavu, na kati ya kisima na kisima treni ingeweza kufa kiu njiani na abiria wake wote.

Hazikula kuni wala makaa ya mawe. Zilikula mafuta mazito meusi yaliyopulizwa kwa mvuke ndani ya tanuri. Kazi ya baba ilikuwa kushika vali, kutazama moshi, na kujua kwa rangi yake kama moto umeshiba au una njaa. Moshi mweusi ni aibu. Moshi mweupe ni hatari. Wa kijivu, mwepesi kama ukungu wa asubuhi bondeni, huo ndio moshi wa mtu anayejua kazi.

Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na kila moja ilikuwa na kibao cha shaba ubavuni chenye jina la kabila. Kila injini kabila lake. Makabila ya nchi zote tatu yaligawiwa injini kama mtu anavyogawa nyama ya sadaka, huyu apate, yule apate. Baba alipewa Mnyaturu. "Nimemlisha Mnyaturu mafuta ujana wangu wote," alikuwa akisema, "na hajaniambia asante."

Hapo ndipo mtani wake aliingilia. Alikuwa bibi mmoja wa Kimatumbi, mfanyabiashara wa ufuta pale Ikwiriri, mwanamke mnene wa sauti nene, aliyekuwa akija Kibiti na magunia yake juu ya lori na kushuka kama waziri. Sisi ni Wandengereko, na Wamatumbi ni watani zetu. Yeye na baba hawakuwahi kusalimiana kama watu. Akimwona tu benchini anaanza.

"Hajambo mke mwenza?"

"Hajambo. Kanywa mafuta, kalala."

"Yule Mnyaturu?"

"Yule yule."

"Na Mndengereko? Wazungu walipokuwa wanagawa injini, nyie mlikuwa wapi? Mmejificha kwenye mikoko?"

Baba anakunywa chai yake kwanza. "Mndengereko sikumwona."

"Mnasikia wenyewe. Hakumwona. Mmatumbi je?"

"Mmatumbi naye sikumwona."

"Alikuwapo. Mie naambiwa alikuwapo, tena mkubwa, anavuta mabehewa ya daraja la kwanza."

"Sisemi hakuwapo," anasema baba. "Nasema sikumwona. Shirika lilipovunjika injini ziligawanywa, nyingine zikabaki huko Kenya na Uganda. Labda Mmatumbi yuko Mombasa anasukuma mabehewa ya mbolea."

Benchi zima linacheka, bibi anamnyang'anya kikombe na kumalizia chai yake, na mambo yameisha mpaka gulio lijalo. Baba alikuwa na nafasi ya kudanganya miaka yote ile. Angesema tu, "Mndengereko alikuwapo, nilimwona stesheni ya Dodoma," na nani angekwenda kuhakikisha? Hakusema. Nadhani kwa hilo nimefanana naye, ingawa mimi sina maneno yake.

Mwisho wa injini zile alikuwa akiupitia haraka. Za dizeli zilikuja, za moshi zikaondolewa kwenye treni za abiria, zikawekwa kusukuma mabehewa pale Tabora kama mzee anayepewa kazi ya kufukuza ndege shambani. Kisha zikasimamishwa kwenye majani. Siku moja mwenzake wa zamani alipita Kibiti na basi, akamwambia kwamba sasa biashara ya vyuma chakavu imefunguliwa na watu wanakuja na mitungi ya gesi kuzikata. Baba siku hiyo hakwenda benchini. Siku ya pili alikwenda, akaanza upya kutoka Uskochi.

Mama alikuwa haongei habari hizi. Baba akisimulia nyumbani, yeye anapepeta mchele, anaokota mawe, anatupa kuku nje. Hata siku moja sikumsikia akiuliza. Mama ni mzaliwa wa Kiongoroni, huko delta karibu na bahari, na niliamini kwamba moyo wake ulibaki huko kwenye maji na kwamba treni kwake ilikuwa kelele za mume tu.

Baba alipougua, mama alimuuguza peke yake. Alikonda pamoja naye. Na baba alipofariki, mama alifunga kanga kichwani, akaingia chumbani kukaa eda, akanyamaza. Simaanishi alilia polepole. Alinyamaza kabisa. Shangazi, dada yake baba, mwanamke asiyejua kushindwa, alipeleka uji ukarudi na utando juu. Akapeleka wali ukarudi umekauka. Akapeleka mkate wa mofa, kitu ambacho mama alikuwa anakipenda tangu utoto, nao ukaliwa na mimi nikiwa nimejificha, maana njaa haina msiba. Jumamosi jioni mama alikuwa hajatia kitu mdomoni ila maji ya kulowesha ulimi. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Tukimwacha hivi tutachimba la pili," shangazi aliniambia jikoni. Hakunong'ona. Alitaka mama asikie. Mama hakusikia, au alisikia asijali.

Mimi nilikuwa sijalia. Sikuwa na nafasi. Kila nilipotaka kulia nilimkumbuka mama nikaenda kuchungulia kama anapumua.

Jumapili asubuhi uani kulijaa. Kutoka Kiongoroni alikuja mjomba, mdogo wake mama, mkata mikoko, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia, na nyuma yake ndugu wa delta wake kwa waume. Walikuja kwa boti mpaka bara, kisha juu ya lori, na walileta kikapu cha kamba wakavu waliokuwa wananuka vizuri mpaka msikitini. Watani walichelewa. Wengi wao walitoka ng'ambo ya mto, na pantoni ya Ndundu ilikuwa imegoma kama desturi yake. Tuliposikia vigelegele barabarani, saa ya chakula ilikuwa imekaribia.

Bibi wa ufuta aliingia mbele yao analia kwa sauti ya juu, kilio cha uongo kabisa, kisha akakikata ghafla katikati kama mtu aliyezima redio.

"Yuko wapi?"

"Tumeshazika, bibi," shangazi akamjibu.

"Mmezika nani bila mie? Nani kawapa ruhusa? Huyu mtu alikuwa na chai yangu. Leteni koti lake."

Shangazi alileta koti la kaki. Bibi alilivaa juu ya kanga zake, likamkaa kama ganda la muhogo kwenye boga. Akajitupa juu ya kitanda cha baba cha kamba kilichokuwa kimetolewa nje, akalala chali, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha baba. Nasema kweli, nywele zilinisimama. Kisha akainuka kidogo kwa kiwiko, akatazama mwavuli wa jirani, akasema kwa sauti ya baba ile ile ya puani:

"Vizuri. Lakini hiki hakiwezi kuvuta mabehewa kupanda mlima."

Ua ulipasuka kwa kicheko. Wazee waliokuwa kwenye jamvi na tasbihi zao walijifunika uso kwa kanzu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nashika tumbo na kumtazama shangazi, naye alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja. Nikakimbilia dirisha la mama kuona kama anacheka. Alikuwa ameegemea ukuta, macho kwenye mkeka. Kicheko kiliniishia kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

Bibi aliniona pale dirishani. Alinitazama mimi, akatazama sinia la wali wa asubuhi ile lililokuwa limerudi halijaguswa, limefunikwa na kawa, na ule uso wake wa mchezo ukatulia kidogo tu. Kisha akaruka kutoka kitandani.

"Nimelala vya kutosha. Naenda kazini. Nani anakuja Tabora?"

Wanawake walipiga vigelegele. Watoto walikuwa tayari. Watu wakaanza kushikana viuno, Wamatumbi kwa Wandengereko, mstari ukazunguka kisima ukapita nyuma ya banda la kuku. Mmoja alifunga sufuria kiunoni kuwa magurudumu. Mwingine alibeba mtungi, eti yeye ni maji. Dereva wa lori lililowaleta watani akaitwa apige honi ya gari lake barabarani kila atakapopewa ishara kwa kanga.

Sasa, treni ilikuwa tayari, lakini nani aliyekuwa ameiona? Wamatumbi hawakuijua. Sisi tuliijua kwa maneno ya baba. Basi mjomba, kwa kuwa alikuwa mtu wa vyombo vya majini na mwenye sauti ya kuamrisha, akajitwalia uongozi.

"Dereva nyuma," akasema.

"Nyuma?"

"Mshika usukani hukaa wapi? Mbele anashika nini, maji? Dereva nyuma kabisa, na mbele akae mtu wa kutazama mafungu ya mchanga."

Hakuna aliyepinga. Kwa watu wa delta jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana. Bibi, dereva wetu, akapelekwa mkiani mwa treni na mwiko mkubwa wa ubwabwa awe anauelekeza kulia na kushoto. Mbele akawekwa binamu yangu mmoja mwenye upondo, anachoma ardhi na kupiga kelele, "Kina kirefu! Kina kirefu!" Katikati ndugu wengine wa Kiongoroni wakabeba magogo ya kuni wakayatupa ndani ya pipa tupu, kwa sababu walikuwa na uhakika kwamba treni inakula mikoko, hakuna moto mkali kama wa mikoko. Honi ya lori ikalia. Treni ikaondoka. Ilipofika kwenye kona ya jiko mjomba akapaza sauti tusimame tusubiri maji yajae.

Treni nzima ikasimama kusubiri maji kujaa. Mzee mmoja kwenye jamvi alikuwa analia kwa kucheka, anafuta macho kwa kilemba.

"Yamejaa?" bibi aliuliza kutoka nyuma.

"Bado."

"Marehemu aliniambia Tabora maji hujaa saa sita."

"Basi tutulie."

Hapo ndipo tuliposikia sauti. Ilikuwa kavu, imekwaruza, na mwanzo sikuijua ni ya nani.

"Nani kamweka dereva nyuma?"

Sufuria moja iliendelea kugonga kidogo kisha ikaacha. Nilikuwa karibu na dirisha, nikaona mama ameinua uso.

Bibi hakukimbilia dirishani. Hakusema alhamdulillahi, kama shangazi alivyotaka kusema nikamwona amejiziba mdomo. Alibaki pale pale mkiani na mwiko wake.

"Nani huyo anayeuliza? Sisi tuko kazini."

"Nauliza nani kamweka dereva nyuma."

"Mumeo. Aliniambia mwenyewe. Dereva wa treni hukaa nyuma, anasukuma."

"Mwongo."

"Aliniambia mara nyingi."

"Mwongo mkubwa. Hajakwambia hata mara moja." Mama alikuwa amesogea dirishani kwa magoti. "Dereva yuko mbele, kwenye injini, upande wake. Fayamani upande wa pili. Nyuma ni breki na mlinzi na taa. Nyie mnaendesha nini, jahazi?"

Mjomba akatia neno. "Dada, lakini asiyekaa nyuma anaelekezaje?"

"Haelekezi! Reli ndiyo inaelekeza!"

Nafikiri hicho ndicho kitu kilichowashangaza watu wa Kiongoroni kuliko vyote walivyosikia maishani. Mjomba alikaa chini. "Haelekezi," akarudia. "Miaka yote ile shemeji alikuwa anakwenda tu?"

Bibi akaona mlango wa maneno umefunguka akaingia na miguu yote. Mtani ana haki ya kumsingizia marehemu, na mwenye msiba hana haki ya kukasirika, hiyo ndiyo desturi. Lakini hakuna desturi inayomkataza kusahihisha. Bibi akamimina uongo juu ya uongo. Akasema injini zile zilitoka Ujerumani. Mama akasema Uskochi, tena akalitaja lile jina la mji, vizuri kuliko baba alivyolitaja. Bibi akasema magurudumu yalikuwa manne kama ya gari la ng'ombe. Mama akayahesabu kutoka la mbele kusudi wote wasikie, na kila jozi kazi yake. Bibi akasema zilikula mikoko ya Rufiji iliyopelekwa kwa meli.

"Mafuta," akasema mama. "Mafuta mazito. Nani alikuwa anafua mashati yake? Wewe? Yale mafuta hayatoki kwa sabuni. Nilikuwa nayaloweka kwenye mafuta ya taa kwanza, mikono inababuka."

"Na ile shaba ya jina, ya Mnyaturu, mke mwenzio? Marehemu alisema wazungu walikuwa wanaisugua."

Mama alicheka. Hakikuwa kicheko kamili, kilitoka puani na kikamuuma koo. "Wazungu gani. Majivu yangu na ndimu zangu. Alikuwa anabeba kwenye kopo. Wake wote wa kota, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walikuwa wananicheka, wanasema huyu mwanamke wa pwani anamsugulia mke mwenzake apendeze."

Nilisimama pale nikiwa nimeshika nondo za dirisha. Sikuwahi kusikia habari ya ndimu. Baba hakuisema kwenye benchi, wala nyumbani. Mama alikuwa ameshika masimulizi yote ya baba kichwani, neno kwa neno, huku anaokota mawe kwenye mchele, na juu yake alikuwa na ya kwake ambayo hakumpa mtu.

Na sasa hakunyamaza. Alisema kwenye kota za Tabora wanawake walikuwa wanajua kila injini kwa filimbi yake kabla haijaonekana. Filimbi ya Mnyaturu ilianza chini ikapanda, na akiisikia tu ng'ambo ya miembe alikuwa anabandika sufuria, wali unaiva mume akifika mlangoni. Kisha akasema honi ya lori ile barabarani ilikuwa inamtia aibu, ni honi ya kufukuzia mbuzi.

"Basi itoe wewe," bibi akasema.

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayeijua. Sisi washamba."

Mama alitutazama wote pale nje. Nadhani alikuwa anapima kama ni dhambi. Kisha akaweka viganja mdomoni, akavuta pumzi, na sauti ikatoka hafifu, imechanika, ikaanza chini, ikajaribu kupanda, ikakatikia njiani. Akakohoa.

"Koo limekauka," akasema. "Nileteeni maji."

Shangazi alikwenda mbio na kata imejaa, nusu ikamwagika njiani. Mama alikunywa yote. Akarudisha kata akasema, "Tena." Akanywa tena. Kisha akapiga ile filimbi, na safari hii ilipanda. Hata wazee kwenye jamvi waligeuka kutazama barabarani.

Treni ilipangwa upya kwa amri za mama kutoka dirishani. Bibi akahamishwa mbele. Mwenye upondo akafukuzwa. Magogo yakatolewa kwenye pipa. Mjomba akapewa cheo cha mlinzi wa mkiani na kanga nyekundu ya kupunga, akakubali kwa shingo upande, akisema kwamba bado haoni busara ya chombo kisichoelekezwa. Wakazunguka nyumba. Kila wakipita dirishani mama alikuwa na neno: wamekwenda mbio mno pale Saranda penye mlima, wamesahau kusimama kuteka maji, mabehewa ya daraja la tatu yanasukumana. Watu walitii wakiwa wamevunjika mbavu. Safari moja bibi aligoma ghafla mbele ya dirisha, treni yote ikamgonga mgongoni.

"Injini hii Mmatumbi," akatangaza. "Bila hivyo haiendi."

"Mmatumbi marehemu hakumwona," mama akasema.

"Basi Mndengereko?"

Niliona mama anafikiri. Angeweza kusema ndiyo, nani angembishia siku ile. "Naye hakumwona," akasema. "Mie mwenyewe nilikuwa nasoma kila kibao pale stesheni. Sikumwona."

"Ninyi watu hamna hata huruma kwa kabila lenu," bibi akasema, na treni ikaendelea.

Walipochoka wakaanguka kwenye mikeka kila mtu alipokuwa. Bibi hakuanguka. Alichukua lile sinia la wali, akafunua kawa, akamwambia shangazi aongeze kamba wa Kiongoroni juu yake, akaingia nalo chumbani na koti lake la kaki. Nikaingia nyuma yake. Alikaa chini mbele ya mama, akanawa, akaanza kula bila kumkaribisha. Tonge la kwanza, tonge la pili, makubwa, ya mtu aliyevuta mabehewa. Hakusema kula mwenzangu, wala hakusema marehemu asingependa. Alikula tu, na sinia likawa linapungua upande wake.

Mama alimtazama. Kisha akatazama wali.

"Huu nani kapika?"

"Sijui. Watu wenu."

Mama alichukua punje chache kwa vidole vitatu akazitia mdomoni, kama anayeonja tu kwa kazi. Akatafuna.

"Mbichi," akasema. "Una kiini. Na nazi wameitia mapema." Akachukua tena, safari hii tonge, na kamba mmoja. "Watu wanakuja kutoka ng'ambo ya mto halafu wanalishwa hivi. Angekuwapo angesema nini."

"Angesema kitu cha Uskochi," bibi akajibu, mdomo umejaa.

Mama akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka, nayo hayakumzuia kutafuna. Bibi naye alikuwa analia, sasa si kile kilio chake cha mlangoni. Alijifuta kwa mkono wa koti la baba na kuchota tena. Walikula hivyo, wanalia na kugombania kamba, na hakuna aliyekuwa anajua kwamba niko pale.

Nilitoka nje. Nilipita kati ya mabehewa yaliyolala, nikamruka mjomba aliyekuwa anamweleza mtu kwamba reli yenyewe ndiyo inaelekeza, nikaenda nyuma ya jiko ambako hakuna mtu, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa. Nilianza kumlilia baba kwa sauti, kama mtoto. Sikuwa na haja tena ya kwenda kuchungulia dirishani. Mama alikuwa anakula.